Unanunua sinki la jikoni? Pima kwanza sufuria lako

Wengi wakienda dukani kununua sinki huangalia mambo mawili tu: bei na jinsi linavyong'aa. Shida ni kwamba masinki yote mapya yanang'aa. Tofauti hujitokeza baadaye, sinki likishajengewa na marumaru zikishabandikwa. Hapo kulibadilisha ni kumwita fundi avunje kaunta, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya sinki lenyewe.

Anza na sufuria. Chukua kubwa kuliko yote, lile la pilau wageni wakija, upime upana wake mdomoni. Kama ni sentimita 40, sinki la mabakuli mawili ya sentimita 35 halikufai hata liwe zuri vipi. Sufuria utaishia kuliosha nje bombani. Kwa jiko dogo, bakuli moja pana ni bora kuliko mawili membamba. Kina cha sentimita 20 hivi kinatosha. Likiwa fupi sana maji yanakurukia.

Kwa sinki la stenlesi, unene hutajwa kwa geji, na hapa ndipo watu hupigwa: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 22 ni karibu milimita 0.8. Usitegemee kugonga na kusikiliza mlio, maana mpira uliobandikwa chini huupunguza. Bonyeza katikati kwa dole gumba. Likibonyea, achana nalo.

Halafu kuna ile hadithi ya sumaku. Muuzaji anaibandika, haishiki, anakwambia "hii ndiyo orijino". Kweli, stenlesi ya 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwa kawaida haishikwi na sumaku. Lakini hata ile ya 201, yenye nikeli kidogo na inayowahi kupata kutu, haishikwi! Cha maana ni kutafuta namba 304 iliyogongwa kwenye sinki, na muuzaji aiandike kwenye risiti.

Kwa wakazi wa pwani, kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hili si la kupuuza. Chumvi ya hewani na ya maji ya kisima huitoboa stenlesi vidoa vidoa. Jiki nayo hivyo hivyo, usiiache ikalala ndani ya sinki.

Masinki ya kauri yanapendeza, ila sufuria za alumini huyaachia michirizi myeusi, na kitu kizito kikidondoka yanaweza kumeguka.

Kabla ya kulipa, hakikisha umepewa chujio na bomba la chini lenye kona inayobaki na maji. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni. Fundi akitaka kuunganisha bomba moja kwa moja bila kona hiyo, mkatalie.