Kazi ya Ukalimani, Nachingwea na Ruangwa

Neno "mkalimani" asili yake ni Kiarabu, katika jamii ya maneno ya usemi. Mwenzake ni "tarjumani", nalo limetoka huko huko. Watu wa pwani wanayo maneno haya tangu zamani, maana bandarini hapana biashara pasipo mtu wa kusimama kati ya wawili wasiosikilizana. Huku kwa Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa twaijua kazi hii kwa sura moja zaidi: mgeni asema kifungu, anyamaza, kisha mwenzake amfuata kwa lugha ya watu. Wasomaji waliopata kusimama kando ya mhubiri wajua ya kuwa taabu haimo katika maneno mageni tu. Imo katika kifungu kirefu, mhubiri asahaupo kunyamaza.

Baada ya vita ya pili ya dunia Nachingwea iliingizwa katika mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Amri zilianza kwa Kiingereza, na wa kuzitenda walikuwa wazawa wa Kimwera, Kimakua na Kiyao. Mradi uliachwa mwaka 1951. Tena mwaka 1965 FRELIMO ya Msumbiji ilipata kambi yake ya mafunzo Nachingwea, na baadaye wakaja walimu wa kijeshi kutoka China. Hapo Kichina kilikutana na watu waliounganishwa na Kireno, na wengi wao, hasa wa kaskazini, walijua Kiswahili. Mahali penye silaha, neno lililopotea njiani si jambo la kucheka.

Basi, tuitazame kazi yenyewe. Mwingereza akisema "uncle", mkalimani wa Kichina akwama. Kwake nduguye baba aliye mkubwa ni "bobo", aliye mdogo ni "shushu", na nduguye mama ni "jiujiu". Naye mkalimani wa Kiswahili akwama papo hapo: ni baba mkubwa, baba mdogo, au mjomba? Katika nchi hii si jambo dogo, kwa kuwa Wamwera tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akikisia, aweza kumpa mamlaka asiye nayo. Lililo bora, twaona, ni kumwuliza msemaji bila haya, ajapokasirika. Lakini tazama: kutoka Kichina kuja Kiswahili taabu hiyo haipo, kwani lugha hizi mbili zawagawanya ndugu hawa wa baba na wa mama kwa namna moja, ambapo Kiingereza hakigawanyi.

Vivyo hivyo Mchina husema "ta" kwa mume na kwa mke, kama sisi tusemavyo "yeye" na "aliondoka". Ni Mwingereza atakayeuliza, mwanamume au mwanamke?

Mpango wa maneno ndio mgumu zaidi. Sisi twasema "mtu aliyekuja jana na shoka". Mchina huanza na jana, na shoka, na kuja, mtu akimweka mwisho. Mkalimani atokaye Kichina hana budi kungoja mpaka jina litajwe, maana asipolijua hajui kama atasema "aliyekuja" au "kilichokuja". Kwa hiyo kumbukumbu ndiyo chombo chake cha kwanza, na kalamu ni ya kuisaidia: majina, hesabu na siku, si maneno yote.

Hesabu nazo zina mtego wake. Wachina wana neno moja la elfu kumi, "wan", nao huhesabu makubwa kwa hilo. Shilingi laki tatu na nusu kwao ni "wan" thelathini na tano, na kwa Mwingereza ni elfu mia tatu na hamsini. Na mgeni akisema mkutano ni saa saba asubuhi, mkalimani mwema hutangaza saa moja, asije akawakuta watu wamefika adhuhuri.