Diski ya Pili

Nina kadi ya plastiki ya kijivu, ndogo kama kiberiti kilichokanyagwa. Ni memori kadi ya PlayStation ile ya kwanza. Inabeba kilobaiti 128 tu, zilizogawanywa vyumba 15, na kwenye chumba cha tatu kuna jamaa anayeitwa Cloud ambaye amesimama kwenye baridi kali tangu Agosti 2009. Binamu yangu ndiye aliyemwacha hapo, ndani ya kibanda cha gemu karibu na soko la Kalundu, Kitui mjini.

Historia ya gemu huandikwa kwa mwaka ambao gemu ilitoka. Resident Evil, 1996. Final Fantasy VII, 1997. Silent Hill, 1999. PlayStation 2, 2000. Ukifuata hesabu hiyo, sisi wa Ukambani hatumo kabisa. Mwaka 1997 nyumbani kwetu hakukuwa na stima, na TV ya jirani iliendeshwa na betri ya gari ambayo ilipelekwa sokoni kuchajiwa kila wiki, ikifungwa nyuma ya baiskeli kama mbuzi. Halmashauri ya kusambaza stima mashinani iliundwa kwa sheria ya 2006, na mpango wa kuunganisha nyumba moja moja ukaja 2015. Kwa hivyo mtu akiniuliza Final Fantasy VII ni ya mwaka gani, najibu kwamba inategemea anaulizia wapi. Kalundu ilikuwa ya 2009.

Mashine zenyewe zilitoka Nairobi, barabara ya Luthuli, zikiwa zimetumika tayari na zimepigwa chipu ili zisome diski za kunakili. Diski tulinunua kwa bob 50, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino, mara nyingine jina la gemu nyingine kabisa. Unaenda nyumbani na mpira, ukifungua unakuta mazimwi.

Kuna jambo moja hapa ambalo naona wanahistoria wa gemu hawalizungumzii vya kutosha. Hapo mwanzo, Marekani na Japani, gemu ilikuwa mashine ya kutumbukiza sarafu. Ilikuwa fupi na ngumu kusudi, ili ufe haraka na utumbukize nyingine. Mashine ya nyumbani ndiyo iliyomwachilia mchezaji kutoka kwa sarafu. Sasa unaweza kukaa sebuleni saa arobaini na hadithi moja, na watengenezaji wakaanza kuandika hadithi za saa arobaini. Gemu za uhusika, zile ambazo mtu wako anaanza mnyonge na kukua kidogo kidogo, zilinawiri hivyo. Za kutisha vilevile. Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja: Resident Evil ilianza kama wazo la kurudia Sweet Home, gemu ya Capcom ya 1989 iliyochanganya uhusika na nyumba yenye mizimwi, na ambayo haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani.

Basi mashine hiyo ya sebuleni ilipofika Kitui, ilirudishwa kwenye sarafu. Bob tano, dakika kumi. Mwenye kibanda alikuwa na saa ya ukutani na daftari, na hakuwa na huruma. Ndiyo maana mpira ulitawala: mechi inaisha, aliyefungwa anaondoka, mwingine anaketi. Mtu anayetaka kucheza hadithi ya saa arobaini alionekana kama mtu anayeomba kulala dukani. Ilibidi uje asubuhi na mapema kabla wa mpira hawajaamka, ama siku ya mvua, ambazo kwetu, ukweli usemwe, si nyingi.

Resident Evil tuliichezea hapo. Wanaoijua watakumbuka kwamba huwezi kusevu, yaani kuhifadhi ulipofika, mpaka upate taipureta, na taipureta haifanyi kazi bila utepe wa wino, na tepe zina hesabu. Taipureta tulizijua vizuri: zilikuwa barazani mbele ya ofisi ya DC, na wazee wawili wakigonga barua za watu kwa malipo. Kwetu halikuwa jambo la ajabu kwamba kuokoa maisha yako kunahitaji taipureta na kitu cha kulipia. Ila waliobuni hofu ile walimfikiria mtu aliye peke yake, usiku, taa zimezimwa. Sisi tulikuwa vijana kumi na wanne kwenye benchi mbili, saa nne asubuhi, bati linawaka joto, ukutani kwa jirani filamu ya DJ Afro inanguruma. Na bado tuliogopa. Hofu yetu ilikuwa na bei. Ukifa, unarudi ulikosevu mara ya mwisho, na zile bob kumi za katikati zimeenda. Nimewahi kumwona kijana akikataa kufungua mlango kwa dakika tatu nzima, si kwa sababu ya zimwi, bali kwa sababu ilikuwa nauli yake.

Silent Hill nayo ina ukungu, ambao watengenezaji waliutumia kuficha kwamba mashine haikuweza kuchora mji wote kwa pamoja. Kijana mmoja wa kutoka Kilungu alitazama akasema huko kwao ni hivyo kila Julai, na mbona hao watu hawavai sweta.

Lakini binamu yangu hakutaka za kutisha. Alitaka Final Fantasy VII. Yeye ni mtoto wa mama mdogo, ananizidi miaka mitatu, na wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Alijinunulia memori kadi yake mwenyewe, kwa sababu ya kibanda ilikuwa inafutwa na yeyote aliyehitaji nafasi ya ligi yake. PlayStation 2 ilisoma diski za mashine ya kwanza, ila kwa gemu hizo za zamani ilidai kadi ya zamani, na kuipata ilikuwa kazi. Aliitembeza mfukoni ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mwenye kadi yake alikuwa mtu mzito pale Kalundu.

Gemu hiyo ni ya kusoma. Maneno hupita chini ya skrini kwa Kiingereza, na wengi benchini walikuwa darasa la sita, la saba. Basi binamu akawa mkalimani. Alisoma, akageuza kwa Kikamba, huku anacheza. Sephiroth, yule adui mwenye upanga mrefu, alimwita eimu. Hatukuuliza kwa nini. Eimu tulimjua kutoka kwa susu, ambaye alikataa katakata kusimulia mchana, na ambaye hadithi zake ziliisha kwa eimu kuomba akatwe kidole kidogo ili wote aliowameza watoke wazima. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango hapo karibu, alikusanya hadithi za aina hiyo katika kitabu chake Akamba Stories cha 1966, na neno hilohilo, aimu, ndilo Wakamba hutumia kwa roho za waliokufa. Kwa hivyo msichana Aeris alipouawa na Sephiroth mwishoni mwa diski ya kwanza, benchi yote ilingoja kidole kikatwe. Mmoja aliuliza waziwazi: sasa anatolewa lini? Binamu alisema labda diski ya pili. Naamini alikuwa anajua si kweli.

Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi kibaya. Mto Tana ulipungua mpaka kituo cha umeme cha Masinga kikafungwa, na Agosti nchi nzima ikawekwa kwenye mgao wa stima. Ni kinaya ambacho watu wa kwetu wanakiona bila kuonyeshwa: mabwawa yako pale Tana, wengine wetu tunayaona kutoka mlimani, nyaya zinapita juu ya vichwa kuelekea Nairobi, na chini yake watu wanakoka moto wa kuni. Kibanda kilifunguliwa siku ambazo stima ilikuwepo, na siku hizo foleni ilikuwa ya mpira. Binamu alipata dakika zake kwa kufagia.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye Jabali la Gaea. Mahali hapo ni barafu tupu, na mwili wa Cloud unazidi kupoa. Lazima usimame kila mara na kubonyeza kitufe haraka haraka ili apate joto, la sivyo anazirai. Hebu fikiria: kiangazi cha Kitui, bati, jasho linadondoka kwenye pedi, na watoto kumi wanapiga kelele mtu apashwe joto. Kila mmoja alitaka kubonyeza. Alisevu ndani ya pango, akapanda, akafika kwenye shimo kubwa la kaskazini, video ikaanza, na diski ikaganda.

Tuliifuta kwa fulana. Tukaipaka dawa ya meno, tukaisuuza, kwa sababu kila mtu alijua mtu ambaye yake ilipona hivyo. Iliganda palepale. Nairobi hatukuwa na mtu wa kumtuma diski ya pili peke yake, na muhula wa tatu ukafungua.

Kufikia 2014 alikuwa Wote, mjengoni. Makueni ilikuwa imetengwa na Machakos kama wilaya tangu 1992, na ilipokuwa kaunti 2013, Wote ukawa makao makuu na ukaanza kujengwa kwa fujo. Nilienda kumtembelea, akanipeleka kibanda kilichokuwa na PlayStation 3. Kulikuwa na Resident Evil 5, ya 2009. Mhusika ni Mmarekani mweupe, Chris Redfield, anayetumwa nchi ya kubuni ya Kijuju, ambayo gemu inasema iko Afrika Magharibi. Tangu tangazo lake la kwanza, 2007, watu wengi waliilalamikia kwa picha ya mzungu akiwapiga risasi Waafrika kijijini. Hayo sikuyajua siku hiyo. Nilichosikia ni Kiswahili. Maadui wanaitwa Majini, na wanapokukimbilia wanapiga kelele kwa Kiswahili, huko Afrika Magharibi!

Kibanda kilicheka sana. Kisha kijana aliyeshika pedi akasema, "Aki hawa ni watu wa huku tu," na kicheko kikapungua. Miaka yote tulihitaji mkalimani ili kumwelewa shujaa. Hapa Chris aliongea Kiingereza chake na nusu ya benchi haikumfuata. Waliokuja na mapanga ndio tuliowaelewa bila kutafsiriwa, na ndio tuliokuwa tunawapiga kichwani kwa bob 20. Na hata neno lenyewe wamelibana. Muulize mtu wa Pwani: kuna majini wabaya na kuna majini wema. Binamu alitazama kimya. Halafu akaniambia kwa Kikamba kwamba eimu wa susu angalau alikuwa anatoka porini.

Sidhani Capcom walikuwa na chuki ya pekee na Wote. Nadhani hawakuwahi kufikiri kwamba Wote kuna pedi.

Binamu alienda Doha 2016. Mimi mwaka 2021 niliweka emyuleta kwenye simu, programu inayoigiza mashine ile ya zamani, nikaanza Final Fantasy VII upya, maana kadi ya kijivu haiingii kwenye simu. Hakuna saa ya ukutani. Hakuna benchi pia, na nilijikuta nasoma maneno kwa sauti, kwa Kikamba, peke yangu chumbani. Usiku mmoja nikafika kwenye Jabali la Gaea, nikabonyeza, nikampasha joto, nikasevu pangoni. Nikampigia.

Aliuliza kama diski ni nzima. Nikamweleza hakuna diski siku hizi. Akanyamaza, nikasikia feni ya chumba chao.

"Usiingie shimoni," akasema. "Nakuja Desemba."

Desemba hiyo hakupewa likizo, na iliyofuata ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia. Simu imejaa picha na hainihifadhii tena kitu, lakini hiyo sijaigusa.