Mtoto wa paka aliyeokotwa: Joto kwanza, maziwa baadaye

Katika nchi za kaskazini ya mbali, paka wana msimu wa kuzaa, kwani miili yao hufuata urefu wa mchana. Kenya, iliyokatwa na mstari wa ikweta, haina msimu wa aina hiyo. Mchana wa Juni haupishani sana na ule wa Desemba, na paka huzaa mwezi wowote. Ndiyo sababu hakuna wakati wa mwaka ambapo mitaro ya Nairobi, masoko ya samaki ya Kisumu au vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa hukosa sauti nyembamba ya mtoto wa paka anayelia.

Wapita njia wengi hushika zao. Wachache huinama, wakambeba hadi nyumbani, wakamwosha kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini na kumwekea kisahani cha maziwa ya ng'ombe. Kesho yake asubuhi humkuta amekufa, na lawama huangukia ugonjwa unaodhaniwa alikuwa nao. Mara nyingi kilichomuua ni huduma hiyo ya saa ya kwanza.

Swali linalopaswa kutangulia ni iwapo mtoto huyo anahitaji kuokolewa hata kidogo. Paka mwenye watoto hulazimika kuwaacha kwa saa kadhaa akitafuta chakula. Akiona maficho yake yamegunduliwa, huwahamisha mmoja mmoja kwa kuwauma shingoni, na anayekutwa peke yake huenda ni yule aliyebakia kuchukuliwa. Watoto walio safi, wenye matumbo yaliyojaa na wanaolala kimya wana mama. Wanaolia bila kukoma, wenye manyoya machafu na ngozi iliyolegea, huenda wameachwa au mama amegongwa na gari.

Anayetia shaka asimame mbali na kungoja, kwani paka shume hatarudi penye watu. Njia nyingine ni kunyunyiza unga kidogo kuzunguka mahali walipo na kurejea baadaye kutazama nyayo. Haraka haraka haina baraka katika jambo hili: hakuna maziwa ya dukani yanayolingana na ya mama, hasa yale ya siku za mwanzo yenye kinga dhidi ya maradhi. Ila mtoto aliye katikati ya barabara, aliyelowa mvua au aliyejeruhiwa hangojewi.

Wakazi wa maeneo yanayopakana na mbuga, kama Laikipia na Samburu, wana sababu zaidi ya kujizuia. Paka-mwitu wa Afrika angali anaishi humo, na watoto wake hufanana mno na wa paka wa nyumbani. Si ajabu, maana paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii hiyo. Kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka katika kisiwa cha Cyprus yapata miaka 9,500 iliyopita, ambalo habari zake zilichapishwa mwaka 2004, ni miongoni mwa ushahidi mkongwe zaidi wa uhusiano huo. Watoto wa mondo nao huokotwa kimakosa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga wanyama hao bila kibali, na anayewapata anapaswa kuwaarifu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Ikishabainika kwamba mtoto hana mama, jambo la kwanza ni joto. Mtoto wa paka aliye chini ya majuma manne hawezi kuutunza mwenyewe ujoto wa mwili wake. Hutegemea mama na ndugu zake. Akiwa baridi, utumbo wake huacha kufanya kazi, na maziwa anayopewa hukaa tumboni bila kusagwa au humwingia mapafuni. Kwa hivyo asilishwe hadi masikio, kinywa na nyayo ziwe na uvuguvugu.

Vifaa havihitaji gharama. Sanduku la katoni, taulo kuukuu na chupa ya plastiki yenye maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa vinatosha. Chupa iwekwe upande mmoja tu wa sanduku ili mtoto aweze kujisogeza akizidiwa na joto, na ibadilishwe inapopoa. Kwa mtoto mchanga sana, hata kukaa ndani ya shati la mtu, ngozi kwa ngozi, husaidia. Kumpasha joto kwa ghafla mbele ya jiko ni hatari, sawa na kumtosa ndani ya maji. Uchafu upanguswe kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji vuguvugu, kisha akaushwe.

Ndipo yaja maziwa, na hapa ndipo penye kosa lililozoeleka kuliko yote. Picha ya paka akilamba maziwa ya ng'ombe imo katika vitabu vingi vya watoto, lakini maziwa hayo yana sukari iitwayo laktosi kwa wingi usiofaa tumbo la paka, na hayana protini na mafuta ya kutosha. Matokeo yake ni kuhara, na kwa kiumbe chenye uzani wa gramu 200, kuhara kwa siku moja kunatosha kumkausha maji mwilini hadi kufa. Maziwa ya mbuzi nayo yana laktosi, ijapokuwa kwa kiasi kidogo zaidi. Yafaayo ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo hupatikana kwa baadhi ya madaktari wa mifugo na maduka ya vyakula vya wanyama katika miji mikubwa. Iwapo jirani ana paka anayenyonyesha, huenda hiyo ikawa bahati kubwa zaidi, kwa kuwa paka wengi hukubali mtoto asiye wao.

Mkao wakati wa kulisha una uzito sawa na maziwa yenyewe. Mwana wa binadamu hulishwa akiwa chali. Mwana wa paka hulala kifudifudi, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, jinsi anavyomnyonya mamaye. Akilazwa chali, maziwa huingia katika mapafu na kumletea nimonia. Maziwa yawe vuguvugu na yatolewe kwa chupa ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, mtoto akinyonya mwenyewe bila kusukumiwa.

Ni mara ngapi? Hapo umri ndio huamua, na umri husomeka mwilini. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huchomoza karibu na juma la tatu. Akiwa na majuma matano, hukimbia na kucheza. Katika juma la kwanza hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na mwanya huongezeka kadiri anavyokua. Uzani wa kuzaliwa ni takriban gramu 100, na kila siku unapaswa kupanda kwa gramu 10 hadi 15. Mizani ndogo ya jikoni ni shahidi bora kuliko macho. Mtoto asiyeongezeka uzani kwa siku mbili anahitaji daktari.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtoto aliye chini ya majuma matatu hawezi kwenda haja mwenyewe. Mama humlamba sehemu za siri ili kumchochea. Aliyechukua nafasi ya mama hana budi kumsugua polepole kwa pamba yenye maji vuguvugu kila baada ya kumlisha, la sivyo mkojo utajaa na kumdhuru.

Kabati la dawa la nyumbani lina hatari zake. Paracetamol, ambayo binadamu humeza bila wasiwasi, humuua paka, hata kwa kipande cha kidonge, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunjavunja. Permethrin, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuua viroboto na kupe wa mbwa, humtia kifafa. Dawa za kuua viini zenye fenoli humchoma ngozi na kumpa sumu anapojilamba. Hata hivyo viroboto visipuuzwe, kwani vikiwa vingi hufyonza damu ya mtoto mchanga hadi akaishiwa. Watolewe kwa kitana chenye meno ya karibukaribu hadi daktari atakaposhauri dawa.

Kuanzia majuma manne, mtoto huanza kuonja chakula laini. Ugali wa kuchovya katika maziwa, ambao ndio chakula cha paka katika nyumba nyingi, hujaza tumbo bila kumjenga. Paka ni mla nyama: asipopata taurini, ambayo hutoka katika nyama na samaki, hupofuka na moyo wake hudhoofika. Omena waliochemshwa bila chumvi, maini kidogo na vichwa vya samaki vilivyoondolewa miiba ni nafuu kwa mfuko wa kawaida.

Afya ya watu wa nyumbani nayo isisahauliwe. Paka anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa, maradhi yanayokadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Anayeumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo, kwa sababu dalili zikijitokeza tiba huwa haipo tena. Kwa wajawazito tahadhari ni kinyesi, ambacho huweza kubeba vijidudu vya toksoplasma. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuambukiza, hivyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na mtu mwingine.

Dawa ya minyoo hutolewa mapema, kuanzia majuma mawili au matatu. Chanjo za mwanzo huanza kati ya juma la sita na la nane na kurudiwa, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Asiyeweza kumlea anaweza kuuliza kwa Shirika la Kuwalinda na Kuwatunza Wanyama (KSPCA), japo makao ya aina hiyo hujaa haraka. Anayemgawa kwa jirani asubiri atimize angalau majuma manane, na amkabidhi pamoja na kadi ya chanjo. Akiwa jike, mpokeaji aelezwe wazi: anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, mimba hudumu kama siku 64, na daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi kabla ya hapo.