Sauti na Vyombo Vichache: Kurekodiwa Upya kwa Nyimbo za Mapenzi za Siti binti Saad na Suala la Matini Asilia

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kurekodiwa upya kwa nyimbo za mapenzi zinazonasibishwa na Siti binti Saad na wenzake, tangu santuri za mwaka 1928 hadi rekodi za vyombo vichache zilizofuata, hususan za Bi Kidude na Siti Muharam. Hoja yake ni kwamba kupunguza vyombo hakuurudishi wimbo kwenye asili yake. Huunda matini nyingine, ambamo nafsi ya kwanza, kiitikio na mlengwa wa fumbo hubadilika. Kwa hiyo, mhakiki wa nyimbo za taarabu hana budi kuitaja rekodi anayoihakiki na mazingira yake kabla ya kuyapa maneno yake maana.

1. Utangulizi

Miongoni mwa wasikilizaji wa taarabu, na hata baadhi ya wahakiki wake, imejengeka imani kwamba wimbo wa kale unapoimbwa kwa udi, ngoma ya mkono na sauti ya mwimbaji peke yake, huwa umevuliwa mapambo na kurejeshwa ulivyokuwa. Kwa mtazamo huo, uchache wa vyombo ni dalili ya ukale, na ukale ni dalili ya usahihi. Athari yake huonekana katika tasnifu na makala ambamo maneno ya wimbo hunakiliwa kutoka rekodi ya karibuni, kisha yakahakikiwa kana kwamba ndiyo yaliyoimbwa Unguja katika miaka ya 1920.

Nyimbo za Siti binti Saad zinafaa kuipima imani hiyo. Zilirekodiwa mapema, zikaendelea kuimbwa kwa vikundi vya ukubwa tofauti, kisha zikarekodiwa tena na waimbaji waliozipokea ama kwa kujifunza kwake ama kwa nasaba. Hivyo mhakiki anaweza kuufuata mkondo mmoja wa nyimbo kwa takriban karne moja na kuuliza ni kitu gani hasa kilichorejeshwa.

2. Santuri na mipaka yake

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alihamia mjini mwanzoni mwa karne ya 20, akajifunza kuimba na kupata jina la Siti. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Walioandamana naye katika kazi hiyo ya muziki, akiwamo Subeti Ambari, Budda Swedi na mpiga udi kutoka Mombasa, Mbaruk Effandi Talsam, walikuwa wanamuziki na watunzi kwa haki yao wenyewe.

Kikundi hicho kilikuwa kidogo, lakini udogo wake usichukuliwe kuwa ndio umbo la asili la nyimbo zenyewe. Taarabu ya kasri, iliyoenziwa tangu enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), iliimbwa kwa Kiarabu na kupigwa kwa vyombo vya Kimisri, na Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliendeleza mkondo huo mjini. Kikundi cha Siti kilichukua sehemu ya muziki huo na kuutia shairi la Kiswahili. Aidha, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Shairi ambalo katika baraza lingeweza kuimbwa kwa muda mrefu, huku mistari ikirudiwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, lililazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Tangu mwanzo, basi, rekodi ilikuwa ufupisho. Anayeichukua santuri ya 1928 kuwa matini kamili huwa amekubali kipimo cha kiwanda bila kujua.

3. Kutanuka kwa kikundi

Kufikia miaka ya 1950, filamu na redio za Misri zilikuwa zimevuta taarabu ya Unguja kuelekea okestra kubwa. Fidla ziliongezeka, kukawa na kanuni, nai, akodiani, selo na besi, pamoja na safu ya waitikiaji. Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilikua katika mkondo huo. Katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilileta kinanda cha umeme na gitaa, na mipasho ikapata nguvu mpya.

Hata hivyo, muziki wa vyombo vichache haukutoweka. Kidumbak kiliendelea Ng'ambo na mashamba kwa fidla, sanduku, cherewa, mkwasa na vingoma viwili vilivyokipa jina. Huko nyimbo za taarabu zilichezwa kwa kasi na kwa ucheshi, arusini, mbele ya watu waliozijua. Mfano huu ni muhimu kwa hoja ya makala hii. Kidumbak kina vyombo vichache, lakini hakina utulivu wala upweke ambao msikilizaji wa leo huutarajia katika rekodi ya aina hiyo. Uchache wa vyombo, kwa hiyo, hauna maana moja. Maana yake hutegemea mahali na watu.

4. Bi Kidude na wimbo usio na daftari

Fatuma binti Baraka, ajulikanaye kama Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti na aliimba nyimbo zake hadi uzeeni. Alifahamika vilevile kwa msondo na unyago. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Rekodi za miaka yake ya mwisho zilimfikisha kwa wasikilizaji wengi wa nje, na kwao sauti yake yenye kukwaruza ikawa ndiyo sauti ya ukale wenyewe.

Lakini Bi Kidude hakuwa mhifadhi wa matini kwa maana ya mtu anayelinda kila neno. Alikuwa mwimbaji wa mapokeo simulizi: ubeti ulipanuka, mstari ulirudiwa, na kipande kilichofaa kiliingizwa palipohitajika. Mbele ya okestra, uhuru huo hudhibitiwa na vipande vya muziki vilivyopangwa na waitikiaji wanaongoja zamu yao. Akiwa na udi au ngoma tu, mwimbaji hana wa kumngoja. Hapo ndipo penye kitendawili: kadiri vyombo vinavyopungua, ndivyo nafasi ya kuyabadilisha maneno inavyoongezeka. Rekodi inayosikika kuwa ya kale zaidi yaweza kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na maneno ya santuri.

5. Siti Muharam na ukimya wa studio

Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo *Siti of Unguja* kupitia On the Corner Records ya Uingereza. Sauti imewekwa mbele, vyombo vimeachiana nafasi, na ukimya kati ya mistari umefanywa kuwa sehemu ya muziki. Nasaba ya mwimbaji huipa kazi hiyo uzito ambao mwimbaji mwingine asingeupata kwa urahisi. Hata hivyo, ukimya huo ni wa studio. Wimbo wa baraza ulijaa vigelegele, maneno ya wasikilizaji na hatua za waliokwenda kutunza. Albamu hii haipungukiwi na kitu kwa kutokuwa na hayo, ila haiwezi kutumiwa kuthibitisha jinsi wimbo ulivyosikika kabla ya okestra.

6. Kinachobadilika katika lugha

Mabadiliko matatu ya kimatini yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza linahusu nafsi. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havitofautishi jinsia. Shairi la mapenzi lililotungwa na mwanamume huweza kuimbwa na mwanamke pasipo kubadilisha hata silabi moja, na mpendwa akabaki bila kujulikana ni mume au mke. Katika taarabu, ambamo mtunzi wa shairi, mtia muziki na mwimbaji mara nyingi ni watu tofauti, uwazi huu ni nyenzo ya sanaa. Waitikiaji wanapolirudia neno "mimi", nafsi hiyo huwa ya wengi. Waitikiaji wakiondolewa, "mimi" humwangukia mwimbaji, na shairi la mtunzi mwingine husikika kama ungamo la maisha yake. Wasifu wa mwimbaji huanza kutumiwa kuufasiri wimbo ambao hakuutunga.

La pili linahusu umbo. Mashairi mengi ya taarabu hupangwa kwa beti za mistari mitatu, zenye vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachofunga ubeti. Kiitikio cha kundi humpa msikilizaji alama ya mahali ubeti unapokoma. Bila kundi, mwimbaji ama hurudia kibwagizo mwenyewe ama hukiacha. Anayenakili akisikiliza rekodi ya namna hiyo huweza kuhesabu marudio kuwa mstari mpya, au kuona upungufu wa kibwagizo na kuuita utunzi huru, ilhali ni suala la utendaji tu.

La tatu ndilo zito zaidi. Fumbo la taarabu huhitaji mlengwa. Katika ukumbi, anayeinuka kutunza kwenye mstari fulani huudai mstari huo kuwa wake, na wengine huelewa umempiga nani. Hata santuri za 1928 hazikukosa ukumbi, kwani zilisikilizwa na watu waliokaa pamoja, waliowajua waimbaji na mambo ya mji. Laura Fair ameonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyozungumzia haki, tabaka na mamlaka katika Unguja ya ukoloni. Rekodi ya faragha, inayosikilizwa na mtu mmoja asiyewajua wahusika, humwondoa mlengwa, na fumbo linapokosa mlengwa hubaki tamathali. Wimbo uliosema mapenzi ili useme na jambo jingine sasa husema mapenzi tu. Kwa maana hiyo, rekodi za vyombo vichache zimezifanya baadhi ya nyimbo hizi kuwa za mapenzi zaidi kuliko zilivyokuwa.

7. Hitimisho

Yaliyojadiliwa hayapunguzi thamani ya rekodi hizo. Mwimbaji ana haki ya kuupokea wimbo na kuupa umbo analolitaka. Hivyo ndivyo Siti mwenyewe alivyoifanyia taarabu ya kasri. Tatizo liko kwa msomaji anayechukua chaguo la kisanaa na kuligeuza ushahidi wa kihistoria. Gharama ya kosa hilo huwaangukia wasioweza kujitetea: watunzi wa kikundi cha Siti, ambao majina yao humezwa na istilahi "nyimbo za jadi", na wasikilizaji wa Unguja waliozipa nyimbo hizo nusu ya maana yake.

Mtafiti anayenukuu wimbo wa taarabu hana budi, kwa uchache, kutaja mwaka wa rekodi, mwimbaji, ukubwa wa kikundi na kuwapo au kutokuwapo kwa waitikiaji. Penye rekodi zaidi ya moja, alinganishe kabla ya kunakili. Udi ukilia peke yake husikika vizuri, lakini kusikika vizuri si sawa na kusikika kama zamani.