Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Masomo ya Kihispania kwa Wageni Mjini Madrid, 1912-1936

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii huelezwa kwa habari za jikoni: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenye nyumba naye hula kile asichokula siku nyingine. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba methali hii ina ukweli hata katika historia ya lugha. Mwanafunzi anayekwenda Hispania kunoa Kihispania chake huhesabiwa kuwa ndiye mpokeaji, na Chuo Kikuu kinachompokea huhesabiwa kuwa ndicho mtoaji. Historia ya Madrid kati ya mwaka 1912 na 1936 inatufundisha jambo jingine: kwa kumfundisha mgeni, Wahispania walijifunza lugha yao wenyewe.

Ili kuelewa jambo hili, yafaa tuanze na mwaka 1898. Mwaka huo Hispania ilishindwa vitani na Marekani, ikapoteza Kuba, Puerto Rico na Ufilipino. Wasomi wake walijiuliza kwa uchungu kwa nini nchi iliyokuwa na dola kubwa imebaki nyuma katika elimu. Jibu mojawapo lilitolewa mwaka 1907, serikali ilipounda Junta para Ampliación de Estudios, yaani halmashauri ya kupanua masomo. Mwenyekiti wake alikuwa Santiago Ramón y Cajal, mtaalamu wa mishipa ya fahamu aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Katibu wake alikuwa José Castillejo. Kazi ya kwanza ya halmashauri hiyo ilikuwa kuwalipia vijana wa Kihispania gharama za kusoma katika nchi za nje, hasa Ufaransa na Ujerumani. Basi habari yetu inaanza na Wahispania wenyewe wakiwa wageni katika nyumba za watu.

Mwaka 1910 halmashauri hiyo ilizaa taasisi mbili mjini Madrid. Ya kwanza ni Centro de Estudios Históricos, kituo cha utafiti wa historia na lugha kilichoongozwa na Ramón Menéndez Pidal. Ya pili ni Residencia de Estudiantes, bweni la wanafunzi lililosimamiwa na Alberto Jiménez Fraud, ambalo baadaye lilikuwa makao ya vijana kama Federico García Lorca, Luis Buñuel na Salvador Dalí. Katika kiangazi cha mwaka 1912, wanafunzi wenyeji walipokuwa likizoni, ndipo masomo ya Kihispania kwa wageni yalipoanzishwa. Kituo kilileta elimu, bweni lilileta makao. Msomaji atatambua kwamba hapo ndipo penye siri ya mambo yote yaliyofuata: aliyemfundisha mgeni ndiye aliyefanya utafiti.

Wageni hao walikuwa nani? Wengi walikuwa walimu, au watu waliojiandaa kuwa walimu wa Kihispania katika nchi zao, na Wamarekani walikuwa na sababu ya pekee. Mfereji wa Panama ulifunguliwa mwaka 1914, na biashara na nchi za Amerika ya Kusini ilitazamiwa kukua. Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, na shule nyingi zikaacha kufundisha Kijerumani. Nafasi yake ikachukuliwa kwa kiasi kikubwa na Kihispania. Mwaka huohuo walimu wa Kihispania wa Marekani waliunda chama chao. Ghafla walihitajika walimu wengi, na wengi kati yao walikuwa wameijua lugha hiyo kwa njia ya vitabu tu. Walihitaji kuisikia kutoka vinywani mwa wenyewe.

Mjini Madrid walisomeshwa sarufi, matamshi, fasihi, historia na sanaa, nao walipelekwa kutazama miji ya kale kama vile Toledo. Lakini mgeni hana adabu ya kunyamaza mbele ya jambo lisiloeleweka. Huuliza. Mwenyeji hutamka neno *nada* bila kufikiri. Mgeni ndiye anayegundua kwamba *d* ya katikati si *d* kamili, bali inakaribia *dh* ya neno letu dhahabu. Mwenyeji huandika *b* na *v* kama herufi mbili. Mgeni ndiye anayeuliza kwa nini sikio lake halisikii tofauti yoyote. Maswali ya namna hii hayajibiwi kwa kusema, "ndivyo tusemavyo". Yanadai uchunguzi.

Aliyeyajibu vizuri kuliko wote ni Tomás Navarro Tomás. Yeye alikuwa mmojawapo wa vijana waliolipiwa na halmashauri kwenda nje. Alisoma fonetiki ya maabara Ufaransa na Ujerumani, kisha akarudi kuongoza maabara ya fonetiki katika kituo cha Menéndez Pidal na kuwafundisha wageni wa kiangazi. Mwaka 1918 alitoa kitabu chake *Manual de pronunciación española*, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa msingi wa mafundisho ya matamshi ya Kihispania. Hivyo ilimlazimu Mhispania kwenda ugenini ili ajifunze jinsi ya kuisikiliza lugha ya mama yake.

Kitabu hicho kililazimika pia kujibu swali zito: mgeni afundishwe Kihispania kipi? Mtu wa Castilla hutamka herufi *z* kama *th* ya neno thamani. Watu wengi wa Andalusia, na takriban Waamerika wote wasemao Kihispania, huitamka kama *s*. Navarro Tomás alichagua matamshi ya watu waliosoma wa Castilla, yasiyo ya ovyo wala ya kujidai. Hata hivyo hakuyadharau mengine: kati ya mwaka 1931 na 1936 aliongoza uchunguzi wa atlasi ya lugha za rasi ya Iberia, ambamo watafiti walitembea vijijini kuandika maneno ya wakulima na wachungaji. Kuchagua matamshi ya kufundishia ni jambo moja. Kuwanyima wengine masikio ni jambo jingine.

Kwa muda huo mbegu ilikuwa imesambaa. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Zaragoza kilianzisha masomo ya kiangazi mjini Jaca, chini ya milima ya Pyrenees. Mwaka 1932 serikali ya Jamhuri iliunda Chuo Kikuu cha Kimataifa cha kiangazi mjini Santander, na katibu wake mkuu akawa mshairi Pedro Salinas, ambaye alikuwa amekwisha kufundisha wageni mjini Madrid. Ni katika masomo hayo ya Madrid, kiangazi cha mwaka 1932, alipokutana na mwalimu Mmarekani Katherine Reding, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Whitmore. Mapenzi yao yalizaa mojawapo ya vitabu vikuu vya ushairi wa Kihispania wa karne ya ishirini, *La voz a ti debida*, cha mwaka 1933. Hata fasihi ilipona kwa ujio wa mgeni.

Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka, na kazi hiyo yote ikavunjika. Salinas alikwenda Marekani kufundisha, akafia huko Boston mwaka 1951. Navarro Tomás alipokelewa na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Alikuwa amechukua karatasi za atlasi pamoja naye, akazirudisha Hispania mwaka 1951, ingawa yeye mwenyewe hakurudi kuishi huko. Alifariki mwaka 1979 katika jimbo la Massachusetts. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: walimu waliowapokea wageni wakawa wageni, na nchi iliyowatuma wanafunzi kwao ndiyo iliyowapa makao. Fadhila ya mwaka 1912 ililipwa kwa wakati wa dhiki.

Kwa kumaliza, tutazame kwetu. Mgeni amekwisha kufika Lubumbashi kuuliza habari za Kiswahili. Edgar Polomé alifundisha katika mji huu ulipoitwa Élisabethville, akaandika juu ya Kiswahili chake. Johannes Fabian alitoa mwaka 1986 kitabu juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji. Wao walisikia kwamba hapa dhahabu ni *zahabu*, wakaona kuwa jambo hilo lastahili kuandikwa. Mfano wa Madrid unatuonyesha kwamba maswali ya mgeni ni mali, lakini ni mali ya mwenyeji aliye tayari kuyatafutia majibu katika maabara yake, vijijini mwake na katika lugha yake mwenyewe. Bila hivyo, mgeni atakuja, atakula, ataondoka; na mwenyeji atabaki na njaa yake.