Baiskeli Al Jaddaf: dakika tano kwa jasho kiasi gani?

Al Jaddaf, mtaa ulio kando ya hori la bahari linalopenya katikati ya Dubai, ulijulikana kwa miaka mingi kwa kuunda na kukarabati majahazi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la kupiga makasia. Tangu Machi 2014 mtaa huo una kituo cha treni ya Metro, lakini wapo wafanyakazi, hasa wahamiaji wa kipato cha chini, ambao bado huenda kazini kwa baiskeli. Kila siku hupima kati ya kuwahi na kuchoka.

Safari ya kilomita 5 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa huchukua dakika 20. Kwa mwendo wa kilomita 20, dakika 15. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu. Ukinzani wa hewa, hata hivyo, hukua kwa mraba wa kasi, hivyo nishati ya kuishinda hewa katika safari hiyo hufikia karibu mara 1.8. Hiyo ni hesabu ya siku tulivu. Alasiri upepo wa bahari huvuma kutoka Ghuba, na anayetoka Al Jaddaf kuelekea Karama hukabiliana nao uso kwa uso.

Halafu kuna taa za barabarani. Taa nyekundu humkutanisha aliyekazana na aliyekuja polepole, na kila kuondoka upya hudai nguvu. Njia ya mkato nayo si lazima iwe halali: kanuni za Dubai za mwaka 2022 zinazuia baiskeli katika barabara za mwendo wa kasi.

Mwendesha baiskeli wa Kisumu au Morogoro huogopa mlima. Dubai ni tambarare. Mlima wake ni joto, ambalo wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Jasho hupoza mwili linapokauka tu, na unyevu wa pwani huchelewesha kukauka huko. Mwendo wa wastani, basi, si uvivu.

Serikali hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9 mchana, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Marufuku hiyo inahusu kazi. Haimlindi mfanyakazi akiwa njiani juu ya baiskeli yake.