Ujia wa Murray Hill

Wengi siku hizi hufanya kazi za ofisi wakiwa majumbani mwao, nao hushukuru. Mwenye kukaa nyumbani huokoa nauli na saa za njiani, wala hapana wa kumkatiza fikira zake. Walakini shukrani hiyo hailijibu swali moja: mawazo mapya, yale ambayo hayakuagizwa na mtu yeyote, huzaliwa wapi? Historia ya chombo kimoja yaweza kutusaidia.

Mwaka 1941 maabara ya Bell, tawi la utafiti la shirika la simu la Marekani, ilifungua majengo mapya Murray Hill, katika jimbo la New Jersey. Mervin Kelly, mmoja wa wakuu wake, aliamini kwamba watu wa ujuzi mbalimbali yafaa wakae chini ya dari moja. Ujia mrefu mno ulipita katikati ya vyumba, na mtaalamu aliyekwenda kula hakuweza kuukwepa. Alipishana na mkemia, akasimamishwa na injinia, akarudi na swali ambalo hakwenda nalo. Sisi tungaliuita baraza lililonyooshwa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 nafasi ilikuwa haba. John Bardeen, bingwa wa nadharia za fizikia, aliwasili akakosa chumba chake mwenyewe, akawekwa pamoja na Walter Brattain na Gerald Pearson, watu wa majaribio. Hapana aliyetazamia jambo kubwa kwa kuwabananisha hivyo. Lakini mazungumzo ya wenziwe yalimvuta Bardeen katika utafiti wao. Novemba 1947 mkemia Robert Gibney alitoa shauri dogo juu ya jaribio la Brattain, na njia iliyokuwa imezibika ikafunguka. Tarehe 16 Desemba, Bardeen na Brattain walikuwa na transista ya kwanza, kifaa kilichokuza nguvu ya umeme kwa kipande kidogo cha madini.

Hadithi ikomeapo hapo ni sifa tupu kwa ujia. Haikomi hapo. William Shockley, mkuu wa kundi hilo, alizoea kufikiri peke yake nyumbani, na uvumbuzi ule haukuwa wa mkono wake. Jambo hilo lilimchoma. Mwisho wa mwaka alijifungia katika hoteli mjini Chicago akajaza kurasa kwa kurasa, na tarehe 23 Januari 1948 akapata wazo la transista ya namna nyingine, iliyokuja kuishinda ile ya kwanza. Aliwaficha wenzake hata Februari. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1956 waligawana watatu, lakini Bardeen alikuwa amekwisha kuondoka tangu mwaka 1951, kwa kuchoshwa na mkuu wake. Basi dari moja haitoshi, ikiwa mlango umefungwa kwa wivu. Na upweke si tasa, ingawa upweke wa Shockley ulikuwa na akiba ya miaka mingi ya kukaa na wenziwe.

Maradhi ya korona yalipotawanya ofisi mwaka 2020, jambo hili lilipata kupimwa. Uchunguzi juu ya wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani ulionyesha kwamba makundi yalijifungia ndani yao yenyewe, na viungo baina ya kundi na kundi vikapungua. Mwaka 2022 Melanie Brucks na Jonathan Levav walitangaza kuwa watu wawili wanaotazamana kwa video hutoa mawazo machache kuliko walioketi pamoja, kwa kuwa macho hubanwa na kioo. Ila katika kuteua wazo lililo bora, walio mbali hawakuwa nyuma.

Tofauti hiyo naiona kubwa. Kuteua na kukamilisha kwaweza kufanyika hotelini Chicago. Mkongwe aliyehamia nyumbani alichukua akiba yake; kijana aliyeajiriwa baada ya milango kufungwa hajapata kupishana na Gibney wake, wala hajui kwamba yupo.